Tone la Damu na Kifafa cha Usubi, Kutoka Kilosa hadi Mahenge

Mwaka 1905 Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyekwisha kuvitambua vijidudu vya kifua kikuu na vya kipindupindu, alikuwa katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani akitafuta papasi. Aliwatafuta kwenye vumbi la sakafu, katika mabanda walimolala wapagazi. Kwenye kambi za njia za misafara, watu walijilaza chini wakiwa wamechoka, wakaumwa usiku bila kuhisi, na siku kadhaa baadaye homa ikawashika, ikawaachia, kisha ikawarudia. Koch aliwachunguza papasi hao kwa hadubini, akafika hadi ndani ya mayai yao, akavikuta vijidudu vyembamba vilivyojisokota, sawasawa na vile alivyoviona katika damu ya wagonjwa. Upande wa Kongo, Mwingereza Joseph Everett Dutton alikuwa akilifuatilia jambo hilo hilo, na lilimgharimu uhai: alifariki Februari 1905 kwa homa aliyokuwa akiichunguza. Kijidudu chenyewe kikapewa jina lake.

Homa ya papasi inaweza kufika kwenye mishipa ya fahamu na kumwacha mtu amepooza upande mmoja wa uso. Hata hivyo ilikuwa na jema moja kwa mtafiti: kilichoonekana kwenye damu ndicho kilichouguza. Daktari wa enzi zile aliweza kuweka kioo chini ya hadubini na kusema, mchawi ndiye huyu.

Magonjwa mengi ya ubongo hayana ukarimu huo. Damu iko mkononi, ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, na kati yake pana ukuta ambao mwili wenyewe umeujenga kuzuia vitu visipite ovyo. Anayepima damu ili kujua habari za ubongo hupata ushahidi wa mbali. Mkoa wa Morogoro, kuanzia Kilosa hadi milima ya Mahenge, umekuwa kwa zaidi ya miaka 60 mahali ambapo ushahidi huo umekusanywa, umelinganishwa na mara kadhaa umekataliwa.

Kilosa yenyewe ilikuwa kituo cha njia za misafara. Kaskazini yake, katika nchi ya Wakaguru, iko Berega, yenye hospitali ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Morogoro. Mizizi ya kazi hiyo ni wamisionari wa CMS, shirika la Waanglikana wa Uingereza, walioingia Ukaguru katika karne ya 19. Mtoto akifikishwa usiku kwenye hospitali ya vijijini namna hiyo akiwa na degedege, mwanzo wa shughuli haubadiliki: kidole kinachomwa, tone la damu linawekwa kwenye kioo au kwenye kipimo cha haraka, na swali la kwanza ni malaria. Ni swali la haki. Lakini hata kipimo hicho, kilichozoeleka kuliko vyote, kina mipaka ambayo haikujulikana vizuri mpaka watu walipoamua kuipima.

Mwaka 2004 matokeo mawili yalitoka karibu kwa pamoja. La kwanza lilikuwa la Tanzania. Hugh Reyburn na wenzake walifuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa katika hospitali 10 za kaskazini-mashariki wakitibiwa malaria kali. Damu zao zilipopimwa kwa uangalifu, wenye vimelea walikuwa 46 kwa 100. Waliobaki walikuwa wakipewa dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao, huku ule wa kweli ukiendelea. La pili lilitoka Blantyre, Malawi, na ndilo lililoshtua zaidi. Terrie Taylor na wenzake walipata ridhaa ya wazazi wakachunguza miili ya watoto 31 waliofariki wakiwa na dalili zote za malaria ya ubongo, vimelea ndani ya damu na fahamu zimepotea. Watoto 7 kati yao walikuwa wamefariki kwa sababu nyingine kabisa. Vimelea vilikuwepo kwenye damu, kipimo hakikukosea, ila havikuwa vimeua.

Hilo la pili ndilo la kushika, kwa sababu litarudi tena na tena katika habari hii. Katika nchi ambako vimelea ni wakazi wa kudumu, kukikuta kimelea kwenye damu ya mgonjwa ni jambo moja, na kukishtaki kwa ugonjwa alionao ni jambo jingine.

Sasa njia inaelekea kusini. Pale Mikumi, barabara kuu ya kwenda Iringa inaacha tawi upande wa kushoto, ambalo linateremka hadi Kidatu, linapita chini ya milima ya Udzungwa na kufika Ifakara. Huko mwanasayansi Rudolf Geigy wa Basel alianzisha mwaka 1957 maabara ndogo ya Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Tropiki, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mbele yake kuna mto Kilombero, uliovukwa kwa kivuko miaka mingi kabla daraja halijajengwa. Ng'ambo ya mto barabara inapanda tena milimani, kwenye nchi ya Wapogoro, hadi Mahenge.

Louise Jilek-Aall, daktari kijana kutoka Norway, alifika maeneo hayo mwishoni mwa miaka ya 1950, akifanya kazi pamoja na wamisionari Wakapuchini. Alichokiona kilimkaa moyoni. Watu wenye kifafa walikuwa wengi mno. Walikuwa na makovu makubwa ya moto kwa sababu huanguka jikoni, walikula kwa vyombo vyao peke yao, na aliyeanguka hakuguswa kwa hofu kwamba povu la mdomo huambukiza. Kulikuwa pia na watoto ambao hawakuanguka. Waliketi, na kichwa kikaanza kushuka na kupanda, kikishuka na kupanda, mara nyingi wakati wamewekewa chakula. Wazazi waliwaambia wauguzi: amesinzia kichwa. Baada ya muda wengi wa watoto hao walipata kifafa kamili, na wengine akili ikadumaa na kimo kikakoma.

Mwaka 1960 alifungua kliniki ya kifafa Mahenge. Dawa ilikuwa fenobabitali, kidonge cha bei ndogo, na kwa wengi kilifanya kazi. Watu walikuja kwa miguu kutoka vijiji vya mbali, wengine wakibebwa. Jilek-Aall alihamia baadaye Kanada, akawa mwalimu wa tiba ya akili Vancouver, lakini hakuikata kamba. Aliendelea kurudi Mahenge na kuandika. Yeye na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu Henry Rwiza walipowafuatilia wagonjwa 164 wa mwanzo, miaka 30 baadaye, walikuta zaidi ya nusu wamekwisha kufariki, wengi kwa kuzama majini, kwa moto, au kwa kifafa kilichoanza na kisiishe. Mwaka 1992 Rwiza na wenzake walichapisha hesabu ya Wilaya ya Ulanga, ambamo Mahenge imo: katika watu zaidi ya 18,000 waliopitiwa nyumba kwa nyumba, wenye kifafa walikuwa karibu 10 kwa kila 1,000. Katika vijiji fulani hali ilikuwa mbaya kuliko wastani huo. Kwa nini?

Majibu ya mwanzo yalikuwa mengi. Urithi wa ukoo, kwa kuwa familia zile zile zilirudi. Degedege la utotoni. Uzazi mgumu. Minyoo ya nguruwe, ambayo katika sehemu nyingine za Tanzania hupatikana ubongoni mwa wenye kifafa. Na usubi.

Usubi huletwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye vijito vyenye maji ya kasi, na Mahenge ina vijito hivyo kila bonde. Inzi anapouma humwachia mtu vijiminyoo vinavyokua na kuwa minyoo mirefu iliyojiviringisha ndani ya vinundu chini ya ngozi. Jike mmoja huzaa vijiminyoo vingi ajabu, navyo husambaa ngozini na machoni. Dunia iliujua ugonjwa huu kwa muwasho na upofu. Ubongo haukuwa kwenye orodha. Tanzania ilipoanza kugawa dawa ya aivamektini kwa mikono ya wanajamii wenyewe, maeneo saba yaliingizwa kwenye mpango: Kilosa, Morogoro, Mahenge, Ruvuma, Tanga, Tukuyu na Tunduru. Matatu kati ya hayo yako katika mkoa mmoja wa Morogoro. Mahenge ilianza mwaka 1997.

Mwaka 2005 timu ya daktari bingwa Andrea Winkler kutoka Austria na Ujerumani, pamoja na William Matuja wa Muhimbili na Jilek-Aall mwenyewe, ilikwenda Mahenge kuupeleleza ugonjwa wa kusinzia kichwa kwa zana za kisasa. Waliwachunguza wagonjwa 62. Walinyofoa vipande vidogo vya ngozi kutafuta vijiminyoo, wakachukua maji ya uti wa mgongo, na baadhi ya wagonjwa wakapigwa picha za ubongo. Ngozi za wengi zilikuwa na usubi. Lakini maji ya uti wa mgongo, yalipopimwa kwa njia ya kukuza vinasaba ambayo hugundua hata chembe ndogo ya mnyoo, hayakuwa na kitu. Ripoti yao ilitoka mwaka 2008, na mwaka 2010 utafiti uliofuata ukiongozwa na R. König ulipata jibu la aina hiyo hiyo: mnyoo uko ngozini, ubongoni haonekani.

Hapo wapo waliotaka kulifunga jalada. Kama mnyoo haingii kichwani, kichwa kinauguaje kwa ajili yake? Wengine wakauliza swali lililo bora zaidi: je, huenda si mnyoo mwenyewe, ni kinga ya mwili inayopigana na mnyoo huku ikiupiga ubongo bila kukusudia? Magonjwa ya namna hiyo yanajulikana. Kuna kingamwili zinazoshambulia milango ya mawasiliano ya seli za ubongo, na mtu akapata kifafa na kuchanganyikiwa. Basi damu ya wagonjwa wa Mahenge ikapelekwa kupimwa kingamwili za aina mbili mashuhuri za ugonjwa huo, na ikapimwa pia vitamini B6, kwa kuwa upungufu wake huleta degedege. Anelia Dietmann na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2014. Kingamwili hazikuhusika, na B6 nayo haikueleza ugonjwa. Ulikuwa utafiti mdogo wa majaribio, nao wenyewe walisema hivyo, lakini ulifunga milango miwili kwa mara moja, na kazi ya kufunga milango haipati sifa inazostahili.

Wakati huo jambo lile lile lilikuwa limelipuka kaskazini mwa Uganda. Katika wilaya za Kitgum, Pader na Lamwo, ambako watu walikuwa wametoka kambini baada ya vita vya miaka mingi, watoto kwa mamia walikuwa wakisinzia kichwa. Wataalamu wa Uganda na wa kituo cha CDC cha Marekani walianza uchunguzi mwaka 2009, na mwaka 2012 mkutano wa kimataifa uliitwa Kampala. Ulinganisho wa damu ulionyesha kitu kizito: kingamwili dhidi ya mnyoo wa usubi zilikutwa kwa karibu watoto wote wagonjwa, 95 kwa 100, na kwa nusu tu ya watoto wazima wa jirani.

Mwaka 2017 ikaja habari iliyosambaa magazetini. Maabara ya Avindra Nath katika taasisi za taifa za afya za Marekani, ikiongozwa katika kazi hiyo na Tory Johnson, ilitangaza kwamba damu za watoto wa Uganda zina kingamwili dhidi ya protini iitwayo leiomodini-1, iliyomo pia ndani ya seli za ubongo, na kwamba protini hiyo inafanana kwa sehemu na protini za mnyoo wa usubi. Hadithi ilikamilika vizuri mno: mwili unatengeneza silaha dhidi ya mnyoo, silaha inaukosea ubongo. Wengi waliona kipimo cha damu cha ugonjwa wa kusinzia kichwa kimepatikana.

Msomaji makini angeanza na takwimu. Kingamwili hizo zilikuwepo kwa asilimia 52.7 ya wagonjwa. Zilikuwepo pia kwa asilimia 30.8 ya watu wenye afya wa vijiji hivyo hivyo. Maana yake karibu nusu ya wagonjwa hawakuwa nazo, na karibu theluthi ya wasio wagonjwa walikuwa nazo. Kipimo cha namna hiyo kinaweza kumfungulia mtafiti njia, lakini daktari wa wilaya hawezi kukitumia kumwambia mama kitu chochote. Na mwaka 2021 An Hotterbeekx na wenzake, walipozitafuta kingamwili hizo kwa watu wenye kifafa kinachohusiana na usubi, waliandika wazi kwenye kichwa cha ripoti yao kwamba hawakupata ushahidi wa kuhusika kwake.

Tanzania ilikwisha kuona fundisho hilo kwenye ugonjwa mwingine. Mwaka 1985, wakati wa ukame huko Tarime, watu walipooza miguu ghafla. William Howlett, daktari wa mishipa ya fahamu, pamoja na Nicholas Mlingi na Msweden Hans Rosling, walionyesha kwamba ni konzo, ugonjwa unaotokana na sumu ya sianidi ya mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha. Kiashiria kipo: thayosianeti, inayobaki mwilini baada ya sianidi kuvunjwa, nayo ilikuwa juu. Lakini iko juu kwa wote wanaokula chungu kimoja, aliyepooza na nduguye anayetembea. Damu iliwataja waliokula sumu, haikutaja nani kati yao ataanguka. Na hiyo ilitosha kujua la kufanya na mihogo.

Ndivyo ilivyotokea kwa usubi pia, kwa njia ambayo wawindaji wa kingamwili za ubongo hawakuitarajia. Kipimo kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote hakiulizi habari za ubongo hata kidogo.

Kinaitwa Ov16. Mwaka 1991 Edwin Lobos na wenzake walieleza protini ya mnyoo wa usubi ambayo mwili huitengenezea kingamwili mapema, hata kabla vijiminyoo havijaonekana ngozini. Miaka mingi ilibaki kipimo cha maabara kubwa, chenye sahani za visima vidogo, mashine ya kusomea rangi na mafundi waliofunzwa. Mwaka 2014 kikatoka kipimo cha haraka, kilichotayarishwa na shirika la PATH na kutengenezwa na kampuni ya Korea Kusini. Tone la damu ya kidoleni, matone ya dawa, dakika 20, na mstari unatokea au hautokei. Kijijini hakihitaji umeme.

Kabla ya hapo njia ilikuwa kunyofoa ngozi. Vipande viwili hukatwa nyongani kwa chombo kidogo chenye makali, vikalowekwa kwenye maji ya chumvi, na vijiminyoo vinavyotoka vikahesabiwa kwa hadubini. Njia hiyo inauma, na watu waliokwisha kunyofolewa mara mbili hawapendi mara ya tatu. Aidha inapoteza makali yake pale dawa inapofaulu, kwa maana aivamektini hufagia vijiminyoo ngozini, ilhali minyoo mikubwa iko hai kwenye vinundu, na mwenye ngozi safi leo anaweza kuwa na vijiminyoo tena mwakani.

Kulinganisha njia hizi kwa watu wale wale kuliwafundisha watafiti mambo ambayo kila moja peke yake ingeyaficha. Kingamwili ya Ov16 hubaki mwilini miaka baada ya mnyoo kufa, kama kovu la chanjo begani; kwa mtu mzima, mstari kwenye kipimo unaweza kuwa habari ya zamani. Wapo wenye minyoo ambao mwili wao hauitengenezi kabisa. Mstari hafifu mmoja anausoma ndiyo, mwenzake anausoma hapana. Kwa sababu hizo kipimo hiki kinafaa zaidi kwa watoto wadogo, ambao historia yao ni fupi: mtoto wa miaka sita mwenye Ov16 ameumwa na inzi mwenye mnyoo katika miaka hiyo sita. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba nchi inaweza kusimamisha ugawaji wa dawa pale ambapo wenye kingamwili kati ya watoto wa chini ya miaka 10 hawafiki 0.1 kwa 100, yaani mmoja kwa kila 1,000.

Sharti hilo ni kali, na hesabu yake ni ya kutafakari. Kipimo kinachokosea kwa mtoto mmoja tu kati ya 100 wasio na ugonjwa kinasifika kwa usahihi hospitalini. Kipeleke kwenye watoto 1,000 wa eneo lisilo na usubi tena, nacho kitawatia hatiani 10, mara kumi ya kiwango kinachoruhusiwa. Wilaya itaendelea kugawa dawa kwa ugonjwa uliokwisha. Ndiyo maana maabara zinazofanya tathmini hizi hurudia sampuli zenye mashaka kwa kipimo cha pili, na ndiyo maana malumbano kuhusu kipimo kipi ni bora yamechukua miaka.

Mahenge haikuwa karibu na kiwango hicho. Mapema mwaka 2017 Bruno Mmbando wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Tanga, pamoja na Mbelgiji Robert Colebunders na wenzao, walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vinne, viwili vya karibu na mji na viwili vya ndani, Mdindo na Msogezi. Watu zaidi ya 5,000 walihojiwa. Kifafa kilikuwa 2.5 kwa 100 kwa jumla, na katika vijiji vya ndani kilizidi wastani huo. Watoto walipimwa Ov16, na si wachache kati yao, waliozaliwa miaka mingi baada ya dawa kuanza kugawiwa, walikuwa nayo. Miaka 20 ya ugawaji ilikuwa imepita, na inzi wa Mahenge walikuwa bado wanaambukiza watoto. Habari hiyo haikupatikana kwenye ngozi za watu wazima wala kwenye kumbukumbu za vidonge vilivyotolewa. Ilitoka kwenye matone ya damu ya watoto.

Mwaka uliofuata ulikuja ushahidi wa nguvu zaidi juu ya kisa chenyewe. Huko Cameroon, katika bonde la Mbam, kulikuwa na daftari la watoto waliohesabiwa vijiminyoo ngozini kati ya mwaka 1991 na 1993. Cédric Chesnais, Michel Boussinesq na wenzao waliwatafuta watu hao robo karne baadaye kuuliza nani amepata kifafa. Kadiri mtoto alivyokuwa na vijiminyoo vingi, ndivyo alivyokuwa katika hatari. Waliokuwa na zaidi ya 200 kwa kipande cha ngozi walipata kifafa mara 28 zaidi ya wasiokuwa na kitu. Uhusiano wa kupanda ngazi namna hiyo ni mgumu kuupuuza. Mnyoo haonekani kwenye maji ya uti wa mgongo, kingamwili ya leiomodini haikubali kusimama, njia ya kutoka ngozini hadi ubongoni bado haijachorwa hadi mwisho, na hata hivyo wingi wa minyoo utotoni unatangulia kifafa.

Kuna sura moja zaidi inayoiunganisha Uganda na hospitali za matajiri. Mwaka 2018 Michael Pollanen na wenzake walichunguza ubongo wa wagonjwa watano wa kusinzia kichwa waliofariki, wakakuta marundo ya protini iitwayo tau, ile ile ambayo hujilimbikiza kwa wazee wenye ugonjwa wa Alzheimer. Vipimo vya damu vya tau ndivyo vinavyozungumzwa sasa duniani kote. Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kwa mara ya kwanza kipimo cha damu cha kusaidia kuutambua ugonjwa wa Alzheimer, kinacholinganisha tau ya aina fulani na protini nyingine, amiloidi. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ambako wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi waliwahi kupimwa kumbukumbu na 6.4 kwa 100 wakakadiriwa kuwa na ugonjwa wa kusahau, ingenufaika na kipimo kama hicho. Lakini vipimo hivi vimetengenezwa na kulinganishwa zaidi kwa damu za wazee wa Ulaya na Marekani. Kuvileta Kilosa kabla havijalinganishwa kwa damu za Kilosa, zenye malaria, minyoo na upungufu wa damu, kutakuwa kurudia kosa la leiomodini kwa bei kubwa zaidi.

Uganda haikungoja kichwa cha ugonjwa kieleweke chote. Mwaka 2012 ilianza kugawa aivamektini mara mbili kwa mwaka katika wilaya zilizoathirika na kutia dawa mitoni kuua mabuu ya inzi. Baada ya hapo watoto wapya wa kusinzia kichwa hawakuonekana tena. Mahenge ilifuata mwaka 2019 kwa kuhama kutoka ugawaji wa mara moja kwa mwaka kwenda mara mbili. Hakuna kipimo cha ubongo kilichochangia maamuzi hayo.

Kwa wazazi wa Kilosa, Ulanga na kwingineko kwenye vijito vyenye inzi hao, yapo mambo mawili ya kufanya leo. Mgawa dawa akipita na kijiti chake cha kupimia kimo, kila mtoto aliyefikisha miaka 5 na urefu wa sentimita 90 ameze, bila kuruka awamu. Na mtoto anayeinamisha kichwa mara kwa mara mbele ya sahani apelekwe kituo cha afya aandikiwe dawa ya kifafa; fenobabitali imo kwenye orodha ya dawa muhimu, na kuianza hakuhitaji jibu la Ov16.